Ini la Mtu Asiyeonja Ulanzi

Barua kutoka Nyololo ilinifikia hapa Mbeya Jumatatu: nyapara wa wafanyakazi wa barabara, rafiki yangu tangu ujana, amefariki katika hospitali ya misheni, upande wa Iringa. Wasomaji wangu mmezoea utani katika safu hii. Leo sina utani, nina aibu.

Mtu huyu hakunywa pombe. Nilikuwepo kwenye harusi ya shemeji yake, msimu ambao mianzi hutoa ulanzi mpaka unamwagika, naye akaomba maji. "Shemeji, onja kidogo tu," wakamsihi. "Nikionja leo, kesho mtanitafuta mtaroni," akajibu, watu wakacheka. Lakini alipoanza kutetemeka kwa homa, ubavu wa kulia ukimuuma na macho yakiwa ya njano, ikajulikana kuwa ugonjwa uko kwenye ini. Watu wale wale wakasema kumbe alikuwa akinywa kwa siri. Lisemwalo lipo, walisema. Wazee wa kanisa wakamzuia kushiriki Meza ya Bwana, ule ushirika mtakatifu, mpaka atubu, naye akakataa kutubu kosa ambalo hakulitenda.

Nilipokwenda kumwona alikuwa amebaki mbavu tupu. Nikamwinamia, nikamsalimu kwa lugha ya kwao. "Kamwene, ndugu yangu. Niambie mimi tu, kweli hujawahi kuonja?" Akaniuliza, "Hata wewe, bwana?" Kisha akasema anataka kitu kimoja tu, kushiriki Meza ya Bwana kabla hajafa.

Daktari ndiye aliyenifungua macho. Kisukari kilikuwa kimemla nguvu kwa miaka, na vijidudu ambavyo mwili wenye afya huvishinda vikaingia kwenye ini, vikatunga usaha. Daktari alisema ni ugonjwa aliouona mara chache sana. Sindano za penisilini zilishindwa. Pombe haikuhusika hata kidogo. Nikarudi kitandani, nikamwahidi kuwa nitawaandikia wazee mara nikifika nyumbani. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Nilifika, nikaandika safu ya juma lile, habari za matope ya sokoni. Nikaandika na ya juma lililofuata. Barua ya wazee ilibaki mezani na mistari miwili, eti natafuta maneno mazuri. Nadhani niliona haya kuwakemea kwa kosa ambalo hata mimi nililitenda. Amezikwa bila kushiriki.

Mgonjwa tunamuuliza alifanya nini kabla hatujamuuliza anaumwa wapi. Mimi, ninayekula kwa kalamu, nilishindwa kuandika ukurasa mmoja wa kumtetea. Wazee wangu wa Nyololo, barua yenu ni hii. Hakuonja.