Simu ya Saa Mbili na Nusu

Ulikuwa mwaka ule tuliokula ugali wa mhogo, sisi watu wa Kitale ambao nchi nzima inatuita wenye mahindi. Viwavi walikula mahindi yangali magotini, mvua nayo ikakataa kumalizia yaliyobaki. Wanawake waliozoea kuuza magunia wakawa wanashuka mpaka Lwakhakha kununua unga wa mhogo na mtama uliovuka kutoka Uganda. Ugali mweusi, unaovutika. Wajukuu wangu wawili waliukataa siku mbili, siku ya tatu wakaula, siku ya nne wakapigania ukoko. Nasema hivi ili ijulikane hawakuwa watoto wa kusumbua. Walikula kilichopo na kulala giza likiingia.

Msichana alikuwa na miaka mitano, mvulana hajatimiza mitatu. Mama yao ni kitinda mimba wangu. Alikwenda Uingereza mwezi wa nne mwaka huo kuosha wazee wa watu wengine. Baba yao alikuwa amewaacha kabla mvulana hajaota meno, na sijui aliko, wala simtafuti. Binti yangu aliniachia watoto, begi la nguo na simu kubwa ya kuonana sura. Shule niliacha darasa la tatu, lakini simu hiyo nilijifunza siku moja. Nimelea watoto saba katika nyumba ya vyumba viwili, na hakuna mwalimu aliyewahi kunirudishia hata mmoja akisinzia.

Tulikuwa na mpango wetu. Saa moja na nusu jioni wameshakula, wameshaoga, wako kitandani miguu imepakwa mafuta, simu inalia. Mama yao yuko kwenye mapumziko ya chai kazini, amesimama kwenye korido na nguo zake za kazi za samawati. Anawauliza wamekula nini. Anasali nao. Anasema, "Haya, laleni, baba na mama yangu." Mimi nazima taa ya sola, na kabla sijafika mlangoni mvulana anakoroma kama mzee aliyelewa busaa. Miezi sita tulienda hivyo. Niliwaringia majirani, siwezi kukana.

Halafu Jumapili moja mwishoni mwa mwezi wa kumi simu haikulia.

Saa moja na nusu ikapita. Watoto wakakaa wima kitandani, msichana ameishika simu kwa mikono miwili kama sahani ya uji. Saa mbili. Mvulana akaanza kujikuna macho na kupiga kichwa ukutani. Nikasema tusali wenyewe tulale. Wakakataa.

"Kukhu, mama amekufa?" msichana akaniuliza. Kwetu nyanya ni kukhu.

"Nani amekufundisha maneno hayo?"

"Mama ya mwenzangu wa shule alinyamaza hivi hivi."

Mvulana alikuwa sasa analia ile sauti ya mwisho, ya mtoto ambaye usingizi umemfika na kumpita. Saa mbili na nusu simu ikalia, na binti yangu akatokea kwenye kioo anatabasamu, kikombe mkononi.

"Mbona umechelewa hivi? Watoto wamelia mpaka wamekauka!"

"Sijachelewa, Mama. Huku tumerudisha saa nyuma."

"Mmerudisha saa nyuma? Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya serikali. Kila mwaka wanafanya. Mwezi wa tatu wanasukuma mbele tena."

"Na jua limeambiwa?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Akanieleza kwamba chai yake iko pale pale kwa saa yao, ila kwetu imeruka saa nzima. Nikamwambia basi amwombe mkubwa wake anywe chai mapema. Akasema huko hakuna mtu anaombwa kitu kama hicho.

Kesho yake akanitumia ujumbe mrefu. Ati niwasogeze polepole, robo saa kila siku. Ati niwalaze mchana. Ati ninunue mapazia mazito. Binti niliyembeba mgongoni nikipalilia mahindi, amelala jua la utosini bila pazia, ndiye ananifundisha.

Nilijaribu. Mungu ananiona, nilijaribu. Msichana alisogea, maana yeye alimtaka mama yake kuliko usingizi. Mvulana alikataa. Saa moja na nusu ikifika anaanguka popote alipo, juu ya gunia, juu ya mguu wangu, kijiko mdomoni. Saa mbili na nusu simu inalia na mama yake anasema, "Mwamshe, Mama, nimwone kidogo tu." Nilikuwa naloweka kitambaa kwenye maji baridi na kumpangusa uso. Anafungua macho mekundu, anaona kioo, anakipiga kofi. Baadaye ikawa akisikia tu ule mlio anaficha kichwa kwapani mwangu na kulia.

"Ananichukia," binti yangu akasema siku moja.

"Anachukia kuamshwa."

"Usiponiamshia atanisahau. Juzi nimemsikia anakuita wewe mama."

Nilikuwa nimemsikia pia. Nilikuwa nimefurahi, na sitasema uongo hapa. Basi kwa sababu ya ile furaha, kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wenyewe, nikaendelea kumwamsha. Mwezi mzima. Asubuhi hataki uji, mchana anauma dada yake, na akijikwaa hata kwenye unyasi analia kama amevunjika mguu. Mtoto wangu mnene akakonda akabaki macho tu.

Shule zilipofungwa nikawapeleka Bungoma, kwa mama wa yule mwanamume aliyewaacha, pale karibu na Mabanga. Ana haki ya kuwaona wajukuu wake, na sina ugomvi naye wa siku zote. Siku ya kwanza simu ilikuwa dukani inachajiwa, hakuna wa kutupigia. Nikasema leo mtoto atapumzika. Akalala mapema. Saa mbili na nusu akaketi mwenyewe, hakuna aliyemgusa, akalia. Mwili ulikuwa umeshafundishwa. Alilia robo saa hivi, akamaliza, akalala. Siku ya pili hivyo. Siku ya tatu hivyo.

Kukhu wa Mabanga akaweka mkono kiunoni. "Mkwe, huyu mtoto anaitwa na watu wake. Nyinyi mlimpa jina la kanisani peke yake mkanyamaza."

"Huyu anasumbuliwa na saa ya Wazungu, mkwe."

"Saa inaliza mtoto? Bana, hata wewe na umri wako!"

Nikamweleza habari ya saa kurudi nyuma. Akaniangalia kwa huruma. Akamwita wifi yake, mwanamke mzee kuliko sisi sote, na jioni ya nne wakakaa pande mbili za kitanda kumtajia mtoto majina ya waliokufa, mpaka anyamaze kwa lile analolililia. Sidharau jambo hilo. Mtoto wangu wa tatu alinyamaza hivyo hivyo kwa jina la mama yangu, na nilishukuru. Lakini huyu nilikuwa nimeshamhesabia dakika zake. Wakataja baba wa mkwe wangu. Mtoto analia. Wakataja ndugu aliyekufa maji. Analia. Wakataja watatu wengine, polepole, wakipumzika katikati na kuulizana nani amesahauliwa. Robo saa ikawa imefika. Mkwe wangu akataja jina la mume wake, na mtoto akanyamaza.

Hata angetajiwa jina la sufuria angenyamaza.

Nyumba ikajaa vigelegele. Mkwe wangu alilia kweli, machozi yanashuka mpaka shingoni, anamwambia mtoto, "Si ungesema mapema ni wewe?" Mimi nikamfunika mtoto blanketi. Asubuhi jogoo akachinjwa. Wakati nanyonya mfupa, mkwe wangu akasema huku hanitazami:

"Sasa mwenye boma amerudi, hawezi kutoka tena kwenda Kitale kukaa kwa wakwe. Unajua hivyo."

"Huyo ni mtoto wa binti yangu. Nimeachiwa mimi."

"Tumuulize mama yake."

Tukamuuliza jioni hiyo, simu imesimamishwa kwenye mtungi. Saa mbili na nusu. Mvulana alikuwa amelala mapajani mwangu, na ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi saa hiyo kumkuta hajashtuka, kwa sababu nilikuwa nimemlaza kifuani tangu jua kuzama, nampapasa mgongo. Binti yangu alisikiliza habari ya jina. Hakuuliza kama ni kweli. Aliuliza jambo moja tu.

"Mama, mkirudi Kitale utaendelea kuniamshia?"

Nilimtazama yule mtoto. Mdomo wazi, mate yananilowesha gauni. Nikasema:

"Mtoto akilala, mimi simwamshi."

"Hata dakika tano?"

"Ningekuwa na dakika tano za kumpa mtu ningempa yeye alale."

Mkwe wangu akasogeza uso mbele ya simu. "Mimi nitamwamsha, mwanangu. Kila jioni. Unione hapa hapa, uongee na baba yako mkwe."

Binti yangu akapangusa macho kwa mkono wa nguo ya kazi. "Basi mdogo abaki Mabanga," akasema.

Ningeweza kudanganya. Ningesema ndiyo, nitaamsha, halafu tukifika Kitale kila siku hakuna mtandao, kila siku simu imezima. Wanawake wengi wangefanya hivyo na leo mtoto wangekuwa naye. Mdomo wangu haukukubali. Nimekuwa mtu wa kusema neno moja maisha yangu yote, na nimeona faida yake na hasara yake. Siku ya kuondoka mvulana alisimama mlangoni ameshikwa mkono, hakulia. Alikuwa na usingizi mno hata hakuweza kulia.

Sasa ana jina la babu yake na wanamheshimu. Msichana aliyekwenda kumsalimia mwezi wa nane ameniambia wanambeba kwenye blanketi saa ya simu, anamwita mama yake bila kufungua macho, kisha wanamrudisha. Mama yake anafurahi. Ati hajamsahau. Mimi amenisahau. Nilipokwenda mwezi wa tisa aliniuliza nimeleta nini, kama vile wanavyouliza wageni.

Msichana nimebaki naye. Mwezi wa tatu saa zao zilirudi mbele, tukapata tena jioni zetu za saa moja na nusu, nikapumua. Jumapili iliyopita wamerudisha nyuma. Shule haijafungwa bado na gari la shule linamchukua saa kumi na mbili kabla jua halijatoka vizuri, kwa hiyo saa mbili na nusu simu ilipolia alikuwa amelala zamani.

"Mama, umesema ameng'oka jino."

"La mbele. Jana, kwenye hindi la kuchoma."

"Nionyeshe pengo."

Nikaleta taa, nikaelekeza kioo kwake. Alikuwa amelala kiubavu, midomo imefungwa.

"Sioni. Mwinue kidogo, mfungue mdomo."

"Ataamka."

"Si aamke! Ni jino la kwanza, Mama. Sitaliona tena. Huyu ni mtoto wangu, mimi ndiye nimemzaa!"

Ni kweli, ndiye amemzaa. Sura yake ilikuwa imejaa kioo chote, amezeeka, mimi niliyemzaa sikuwa nimeona hivyo. Nikashusha taa.

"Mtoto akilala, mimi simwamshi."