Mabega ya Engozi

Zamani mgonjwa wa kijiji cha Nyakakika alibebwa kwa engozi, kile kitanda cha kusuka, na wanaume wanane waliopokezana mabega huku wakimwimbia njia nzima. Siku hizi anabanwa kwenye bodaboda kati ya dereva na shemeji, na jirani anamwangalia akipita kama anayeangalia mbuzi wa mnadani.

Gaudiosus ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mwisho wa chama cha engozi. Shule aliiacha darasa la nne, mengine akajisomea katika magazeti yaliyofungiwa sukari. Mkewe Costansia alipojikata mguu kwa panga shambani, kidonda kikaingia uchafu, alifikishwa hospitali siku ya nne akiweweseka kwa homa. Watafiti waliokuwa hapo hospitali waliomba damu yake kidogo. Gaudiosus aliisoma fomu ya ridhaa mara mbili, akatia saini.

Kesho yake alimkuta mkewe amejaa uso, mashavu yamenawiri. Akafurahi. Kwao aliyekonda ndiye anayekufa. Aliyejaa uso anarudi nyumbani. Akaagiza nyumbani wapike ndizi. Jioni Costansia alifariki.

Wiki mbili baadaye Daktari Ainembabazi, binti mzaliwa wa Kibingo aliyeongoza utafiti ule, alikuja kumpa pole. Gaudiosus hakuzunguka.

"Alikuwa anapona, mwanangu. Mlimfanya nini?"

"Hakuwa anapona, mzee. Yale yalikuwa maji." Daktari alisogeza kigoda. "Vijidudu vikiingia kwenye damu, kuta za mishipa hupeana taarifa ya hatari, nazo hulegea ili askari wa mwili watoke wakapigane. Kwa wengi taarifa hiyo huzimwa, kuta zikakaza. Kwa mama haikuzimwa. Maji ya damu yakavujia mwilini, figo zikakosa damu, mapafu yakajaa maji. Tunatafuta kwa nini haizimwi."

"Mmeona nini kwenye damu yake?"

"Peke yake haisemi kitu. Lazima tuilinganishe na ya wazima sita, wazee wa rika lake, wa hapahapa. Tumepita nyumba zote, wamekataa. Ijumaa tunafunga kazi."

"Na damu yake?"

"Itabaki kwenye friza, mzee."

Gaudiosus aliinuka. Mwanamke aliyekaa naye miaka arobaini na mitano asingebaki kwenye friza bila kusema kitu.

"Ijumaa asubuhi uwe zahanati," alisema.

Akaanza na Melkiory, mbebaji mwenzake wa zamani, aliyekuwa akimenya ndizi uani.

"Damu yangu waende kuiuza?" Melkiory alicheka. "Sitoi, Mwenyekiti."

"Nani anunue damu yako? Nusu ni pombe ya rubisi."

"Basi niache na rubisi yangu."

"Sheria ya engozi ilisemaje?"

Melkiory aliacha kumenya. Sheria aliijua: nyumba isiyotoa bega, siku yake haibebwi.

"Engozi ilishaoza, Gaudiosus. Umebaki kuwa mwenyekiti wa kamba."

"Imeoza, ndiyo. Mama yako tulimbeba kutwa nzima kwenye mvua, akapona, akaishi miaka kumi na moja. Costansia alitupikia wote tuliporudi. Leo siombi bega. Naomba vijiko viwili vya damu. Ukikataa nitaondoka, na sitarudi tena kukuomba."

Hakungoja jibu. Siku tatu alitembea hivyo, kilima hadi kilima, goti likimuuma, akisema yaleyale. Wengine walimkaribisha, mmoja alimfungia mlango.

Ijumaa walikuja wabebaji watano, Melkiory akiwemo. Wa sita alikuwa yeye. Daktari alimvuta pembeni.

"Mzee, hawa hawakulazimishwa? Siwezi kupokea damu ya mtu aliyelazimishwa."

"Waulize."

Akawauliza mmojammoja, kila mmoja akasema amekuja kwa hiari. Mwisho Melkiory akaongeza kwa niaba ya wote, "Sisi hatulazimishwi, binti yangu. Tunasumbuliwa tu."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa Gaudiosus kuwaona wote pamoja. Walikaa kwenye benchi moja, mikono ya mashati imekunjwa, kila mmoja akibana pamba kwenye mkono wake na kubishana nani alikuwa akitegea kubeba engozi kwenye vilima. Daktari alizipanga chupa sita ndani ya boksi la barafu, akaliinua mwenyewe begani. Wazee waliacha kubishana, wakasimama kumpisha apite.