Kumpeleka Kukhu Kawangware, Mkwe Mbele, Mimi Katikati

Hii safari ilianza juu ya usingizi. Kukhu, ndio vile sisi Waluhya tunaita nyanya, aliacha kulala. Mzee wake alikufa huko Vihiga, tukazika, halafu mathe, mama yangu, akasema hawezi kuacha mama yake peke yake na majonzi kwa boma kubwa hivyo. Akamleta kwetu Gatwekera. Kwetu ni chumba moja ya mabati. Mathe akakata katikati na pazia: huku mimi na Kukhu, huko mathe na baba.

Baba akauliza, "Mama mkwe alale nyumba yangu? Hiyo si ni mwiko?"

Mathe akamwambia, "Mwiko ilibaki steji ya basi Vihiga. Hii ni Nairobi."

Baba akachukua nyundo akaenda kazini. Yeye ni fundi wa vitanda na maneno yake mingi hugongelea ndani na misumari.

Siku zikaenda, Kukhu akakonda mpaka leso ikawa inamvaa yeye. Usiku anakaa kitako akinong'ona. Mara ya kwanza nilidhani amepata simu. "Kukhu, unaongea na nani na hauna bundles?" Akaniambia, "Na mume wangu." Nilicheka, kidogo nikaacha, juu yeye hakucheka. Na huyu ni nyanya ambaye huniita mimi pia mume wake, ati mume mdogo asiye na ng'ombe. Kucheka ndio kazi yetu.

Mama wa afya wa mtaa akatuambia kuna kliniki Kawangware, iko na sista wa mambo ya akili, lakini mgonjwa aletwe na mtu mzima wa familia. Mathe anafulia watu Kileleshwa, siku hiyo boss wake akamkatalia. Mtu mzima akabaki baba. Mimi nikaongezwa. Kwa nini, hakuna mtu aliniambia.

Asubuhi hiyo, mlangoni, shida ikaanza kabla ya safari. Nilisema tupande gari. Baba akaniangalia kama nimetusi kanisa. "Nikae bega kwa bega na mama mkwe?" Nikasema sawa, basi tuchukue boda mbili. Kukhu akasema hawezi kushika kiuno ya kijana hajui mama yake. Tukatembea.

Kutoka Gatwekera mpaka Olympic, baba alitembea mbele, Kukhu nyuma, na kati yao unaweza kupitisha lori ya mchanga. Baba akisimama, Kukhu anasimama. Baba akigeuka, Kukhu anaangalia ukuta. Mimi nilikimbia katikati kama mtoto wa kuokota mipira.

"Uliza mama kama amechoka."

"Kukhu, baba anauliza kama umechoka."

"Mwambie mkwe, miguu iko."

"Baba, anasema miguu iko."

"Iko wapi?"

"Chini yake, baba. Ungetaka iwe wapi?"

Karibu Jamhuri nilishikwa na hasira. Hawa watu wanalala chumba moja, pazia tu katikati, na huku kwa barabara wanaogopana kama polisi na hawker! Nikamuuliza Kukhu ni kwa nini. Akasema, "Ni heshima." Nikamuuliza baba. Akasema, "Ni heshima." Heshima gani inaona mgonjwa akitembea peke yake nyuma? Sikuelewa, na nilikuwa na njaa.

Dagoretti Corner nilinunua mandazi. Kukhu akakula mbili amesimama, amegeukia ukuta wa kinyozi. Hapo nikagundua kitu: huyu mama hukataa ugali nyumbani, lakini kitu yoyote nikimnunulia nje anamaliza. Nikadhani ni ugonjwa wa kupenda mandazi. Hata mimi niko nayo.

Tukashika Naivasha Road, tukapita steji ya Congo, jua ikapanda, tukaingia Kawangware kumejaa mikokoteni na watu wa mitumba wakiita bei. Baba mbele, Kukhu nyuma, mimi jasho.

Kliniki ilikuwa ndani kidogo, kando ya duka ya vyakula vya kuku. Sista anaitwa Wambui, mwanamke mpole, sweta ya bluu. Alimsalimia Kukhu na mikono mbili, nikampenda. Halafu akasema, "Familia yote ingieni, tufunge mlango, mambo ya mgonjwa ni ya siri."

Hiyo ofisi ilikuwa ndogo kama choo ya kulipia. Baba akajaribu kubaki mlangoni. Sista akamvuta ndani na mkono, akampa kiti. Kiti iligusana na ya Kukhu. Kukhu akaruka, akasimama kona, akafunika uso na leso. Baba akageukia ukuta akaanza kusoma poster ya kunawa mikono kama ni barua ya uchumba.

"Mama, unajua hapa ni wapi?"

Kukhu kimya.

"Unasikia sauti za watu ambao wengine hawasikii?"

Leso ikashuka mpaka kidevu.

"Choo unaenda vizuri?"

Wueh! Baba alitoa sauti kama mtu amekanyaga msumari. Kukhu akageuka kabisa, sasa tunaona mgongo tu. Sista akaniambia nimtafsirie labda haelewi Kiswahili. Nikamwambia Kukhu Kiswahili anaijua, aliuza samaki soko ya Luanda, huko Vihiga, akikatana bei na dunia nzima. Na Kiluhya yangu mimi ni ya kuomba chakula na kutukanwa.

Sista akashusha sauti. Akaniambia, "Haongei, haangalii mtu, hakai, hali, halali. Huyu siwezi kumrudisha nyumbani. Leo tunampeleka hospitali kubwa alazwe." Akachukua simu kutafuta gari.

Kukhu ndani ya wodi, na watu hajui, amefungiwa? Na njiani ameniongelesha mpaka Congo! Ameniambia kiatu yangu inacheka! Nikaropoka, vile mimi huropoka nikiogopa: "Sista, huyu anaongea sana, ni hapa tu amezima. Hawa wawili hata njiani hawakutembea pamoja. Tangu Gatwekera baba ako mbele kama askari wa rais, Kukhu ako nyuma, mimi ndio napeleka salamu."

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alikata simu.

"Baba, kwani huyu si mama yako? Nimekusikia huko nje ukimwita mama."

Baba akaambia poster, "Mimi ni mkwe."

"Na mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Na wewe ndiye daktari."

Sista akaweka mkono kwa kichwa. "Kwetu mkwe huingia mpaka jikoni akajipakulia. Nimewafungia chumba moja na nimemuuliza mama wa watu mambo ya choo mbele ya..." Hakumaliza. Akamfungulia baba mlango, akamwomba msamaha. Baba alitoka haraka akasahau kofia.

Halafu sista akamuuliza Kukhu, "Na huyu kijana, abaki ama atoke?"

Leso ikafunguka kidogo. "Huyo ni mume wangu. Abaki. Lakini hana akili."

Sista akaniangalia mimi, akamwangalia Kukhu, na nikaona sasa yeye ndiye amechanganyikiwa. Nikamwambia, "Ni utani ya nyanya na mjukuu, sista. Usiite gari."

Basi Kukhu akakaa chini, akaanza kuongea, na hakuachia mtu nafasi. Alisema analala amekaa. Atanyoosha aje miguu na mkwe wake ako hapo, nyuma ya kitambaa? Kwenda choo ni kupita karibu na kitanda ya mkwe, kwa hivyo hanywi maji. Chakula ya nyumba ya mkwe haishuki kwa koo. Na usiku ukiwa mrefu, mzee wake anakuja, wanaongea.

"Anakuambia ujiumize?" sista akauliza.

"Ananiambia nirudi nyumbani nipalilie mahindi."

"Anakutisha?"

"Huyo? Hakuwahi kutisha hata kuku."

Halafu akalia. Si kulia ya mazishi ya kelele. Maji tu ilishuka, na mimi nikatafuta mzaha kichwani nikakosa.

Sista alimshika mkono mpaka akanyamaza. Akasema hivi, na nilisikiza vizuri juu nilitaka kuelewa: kuongea na mzee hakumtishi yeye kama sista, wajane wengi huongea na wazee wao. Lakini huzuni iko, na ni nzito, na bila usingizi na chakula inaweza kugeuka kitu ingine. Kwa hivyo atamwona tena wiki ijayo, na hapo kama dawa inatakikana atampa. "Lakini nitamwachilia leo akiwa tu na mahali atalala amenyoosha miguu. Kama hakuna, bado ni wodi."

Nikatoka nje nikaelezea baba, ambaye alikuwa amesimama na watu wa kuku. Sikumaliza.

"Mwambie mama alale kwangu. Mimi nitalala kazini."

"Baba, kazini wapi? Kwa vitanda za watu?"

"Kwani nimezitengeneza ziangaliwe?"

Jioni, Gatwekera, mathe alirudi akapata baba amebeba blanketi kwa bega. Akaita kwa nguvu, "Nani amekufukuza?" Baba akasema, "Ile mwiko ya steji ya basi." Akaenda. Nikamwelezea mathe yote ya sista. Akatoa pazia, akaenda kupikia Kukhu kwa jiko ya jirani, ndio chakula isiwe ya nyumba ya mkwe.

Mtu akiniuliza nimejifunza nini Kawangware, nitamwambia sijui yote. Nilienda nikijua mtu akiongea na marehemu ni mgonjwa, na mtu akikaa kimya anaficha kitu. Nimerudi na sista anasema pengine ya kwanza ni sawa, na ya pili ni mkwe tu amekaa karibu. Ugonjwa inaanzia wapi na mila inaishia wapi, hata yeye aliuliza kwanza ndio akajua. Nafikiri hapo ndio kuna dawa, kwa kuuliza, lakini mimi ni nani.

Asubuhi baba alikuja kuchukua shati. Hakuingia, alisimama nje kando ya ukuta. Kukhu alikuwa ndani, upande ule mwingine wa hiyo hiyo mabati, na sauti yake ilikuwa nzito, imejaa, kama ya mtu ametoka mbali.

"Mwambie mkwe wangu nimelala."

Baba alikuwa amesikia. Mabati haifichi kitu. Lakini alisimama hapo, shati mkononi, akingoja nitoke nimwambie.