Pembe ya Udongo Safi

"Umenizikia jalala chini ya nyumba, halafu bado unaniita shemeji?"

Aliyesema ni muuza nyama, kaka wa mke wa Majivu, na mkononi alikuwa na koleo. Majivu, jina la mtaani hilo, wiki nzima alishinda mweupe kuanzia kope mpaka kucha za miguu. Alibeba jivu la tanuri la matofali, akalichanganya na matofali mabovu yaliyopondwapondwa, chokaa kidogo na udongo wa kiwanja, akashindilia kwenye msingi wa nyumba mpya ya shemeji kwa gogo mpaka mabega yakaomba poo. Udongo wa pale ni mfinyanzi. Ukinywa maji unavimba, ukikauka unapasuka, na nyumba inapasuka nao. Hayo alishamweleza shemeji yake mpaka koo likakauka.

Shemeji hakutaka somo. Alitaka taka zote zifukuliwe, na akaapa atazunguka mtaa mzima, Majivu asipewe tena kujenga hata banda la kuku. Majivu akamwambia aguse aone.

Koleo likatua begani mwa Majivu. La pili likatua mdomoni, jino likaruka. Majivu akamvaa, akamkaba shingo, akamgongesha kwenye rundo la matofali mara mbili, wakabingirika wakiumana kama mbwa. Shemeji akajinasua, damu ikimwingia jichoni, akanyakua sururu. Majivu akakinga kichwa.

Lakini sururu ilishuka chini, kwenye jivu lililoshindiliwa. Ikalia kama kengele, ikaruka, ikamrudia mwenyewe kwenye muundi. Ardhini ikabaki alama ndogo kama ukucha. Kwa hasira ya mguu akachechemea hadi pembe moja ya msingi, akashusha kwa nguvu zote. Sururu ikazama mpaka shingoni, naye akaifuata, kifudifudi.

Pembe ile Majivu hakuigusa. Shemeji ndiye aliyempiga marufuku: ni chumba cha mama yake, na mama halazwi juu ya uchafu. Akaijaza mwenyewe, mfinyanzi safi, kwa mkokoteni wake mwenyewe.

Walikaa chini wakihema. Sururu ilitoka na bonge laini, linanata. Shemeji akaliangalia sana, kisha akauliza kwa sauti ya chini, na hapa je?

"Hapo ni pako, shemeji. Fukua hiyo safi yako yote kabla sijarudi."

Majivu akatema damu, akaokota jino akalitia mfukoni. Watu wa tanuri humwaga jivu bondeni likishapoa, na lilikuwa karibu kupoa. Akakamata mkokoteni wa shemeji bila kuomba, akaondoka mbio kuliwahi.