Damu Huombwa

Nakumbuka asubuhi moja ya mafunzo yangu, Mwingereza bado anatawala, mwanangu, na leo naikumbuka zaidi kwa kuwa unakwenda kusomea magonjwa ya damu. Nilikuwa kijana wa Temeke, najifunza uganga katika hospitali moja ya mjini, mgeni kuliko wanafunzi wote. Mwalimu wetu wa damu tulimwita Bwana Yohana, mtu wa bara, mpole, asiyependa haraka hata ya kula.

Siku hiyo aliletwa mwanamke kutoka Kawe. Alikuwa amejifungua mtoto mfu, na damu ilimtoka hadi viganja vikawa vyeupe. Bila kuongezwa damu asingefika jioni. Kaka yake Mshamu, mchoma chokaa, alisimama mlangoni, mikono ameificha nyuma. Nyakati hizo watu waliamini kwamba mumiani, wanyonya damu, wamejaa hospitalini. Usiwacheke, hofu haina macho.

"Bwana, huyu kaka tumshike tu, tumtoe damu," nilinong'ona. "Mgonjwa haulizwi uji."

"Huyu si mgonjwa, na damu si uji," akanijibu. "Damu huombwa. Nenda kamweleze."

Nikamweleza. Mshamu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Maneno matamu hayo, mdogo wangu. Yako mbona huitoi?" Wanawake aliokuja nao wakaguna.

Damu yangu ilikuwa haijapimwa bado. Nikakunja mkono wa shati. Bwana Yohana akanichoma kidole, akalichanganya tone langu na maji ya damu ya mgonjwa juu ya kipande cha kioo, akamwita Mshamu aangalie. Tone likagawanyika vipunje vipunje, kama maziwa yaliyokatika.

"Imekataa," akasema Bwana Yohana. "Hii ikimwingia itamuua. Hatuichukui."

Mshamu akakitazama kioo, akanitazama na mimi. "Hamuitaki?"

"Hatuitaki."

"Mumiani gani huyu anayechagua damu?" Akacheka, machozi yakimlengalenga, akanyoosha mkono. "Haya, nichomeni na mie."

Tone lake halikugawanyika. Alipokwisha kutolewa damu, alipumzika kidogo, kisha akaenda kumzika mpwa wake. Aliporudi, dada yake, aliyekwisha kuongezwa damu ile, alikuwa amefumbua macho na kuomba maji ya kunywa.

Mwanangu, nasikia masomo yenu ni ya miaka mingi, na mashine zenu zinaona tusiyoyaona sisi. Jifunze yote. Lakini hofu ya mtu usiiite ujinga. Mweleze, asipoelewa, tafuta njia nyingine umweleze tena, na panapowezekana aone kwa macho yake. Jambo lisilofaa likatae mbele yake, usimfiche, maana hapo ndipo wengi huanza kumwamini mganga wa hospitali. Na lile unalomwomba mwenzio, uwe tayari kulitoa wewe kwanza.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mkono mwepesi na ulimi wa subira, na kila atakayeingia kwako akiwa na hofu atoke akikuombea dua.