Injili Nne na Karai la Bajia

Mpaka leo sili bajia kabla ya kuisoma karatasi iliyofungiwa. Mwezi uliopita nilikwenda Msambweni mazikoni, nikanunua bajia karibu na hospitali, na mwenzangu akashangaa kuniona naziweka kando zipoe huku naikunjua karatasi juu ya paja. Lilikuwa gazeti tu. "Watafuta nini humo?" akaniuliza. Nikamwambia natazama tarehe tu, kwa maana kweli ingeniliza mbele za watu. Wewe nitakuambia.

Bendera mpya ya uhuru ilikuwa haijapauka bado. Nilikuwa kidato cha pili, msichana wa kuandika daftarini yale niliyoshindwa kuyasema kwa mdomo, na niliyoshindwa kuyasema yalikuwa karibu yote. Mama alikuwa amefariki zamani, nikalelewa na bibi mzaa baba. Baba alikuwa dresa hospitalini, kazi yake kuosha vidonda na kuvifunga, na huko huko kazini ndiko alikoingia kanisani. Bibi alibaki na Uislamu wake. Ijumaa nyumba ilinukia udi, Jumapili ikanukia rangi ya viatu, na mimi nilikuna nazi siku zote mbili. Hakuna aliyegombana na mwenziwe mpaka baba aliposema kwamba Pasaka nitabatizwa.

Bibi hakupaza sauti. Aliniita mkekani kwake.

"Mjukuu wangu, Injili tuijuayo sisi ni moja, kateremshiwa Nabii Isa. Hao wa baba yako wana nne. Zimetoka wapi?"

"Sijui, bibi."

"Hadithi za Mtume zina wapokezi wake. Fulani kapokea kwa fulani, jina kwa jina. Basi nitafutie hizo nne nani kapokea kwa nani. Usiniletee kitabu cha padri, wala usiniletee cha shehe. Nataka cha mtu asiyevuta upande. Ukinisomea nikaridhika, nenda kabatizwe, radhi yangu unayo. Usiponisomea, nenda vilevile, lakini radhi usiniombe."

Kama hukulelewa pwani huenda hujui uzito wa neno hilo. Kwetu, mtu asiye na radhi ya mlezi wake haendi mbali, hata akienda. Nililiamini hilo kuliko nilivyoamini dini yoyote kati ya zile mbili.

Nikatafuta. Kabati la vitabu vya dini shuleni nililimaliza rafu kwa rafu. Kila kitabu kilikuwa kama mtu anayeitikia marahaba kabla hujamwambia shikamoo. Jibu lilishakuwapo, swali halikuhitajika. Nikaazima vijitabu kwa jirani aliyesomesha watoto Kurani chuoni, navyo vilikuwa vile vile, isipokuwa viliongeza matusi. Mwalimu wa dini sikuweza kumuuliza mbele ya darasa, nikamwandikia swali mwishoni mwa kazi yangu. Daftari lilirudi na wino mwekundu: "Swali hili halimo katika mtihani." Siku hiyo niliandika katika daftari langu la nyumbani: "Natamani niugue, nilazwe kwenye wodi ya baba, Pasaka inipite nikiwa kitandani."

Ndipo daktari Mzungu wa hospitali ya baba alipoondoka kurudi kwao. Vyombo vyake viliuzwa, na sanduku moja la vitabu likaangukia kwa mama aliyekaanga bajia ng'ambo ya barabara kutoka nyumbani kwetu. Mimi sikuwa na habari. Nilinunua bajia kama siku zote, nikala, na nilipotaka kuitupa karatasi nikaona neno la Kiingereza la Injili katikati ya doa la mafuta. Nikasoma nimesimama juani. Mwandishi alisema kwamba maneno ya Yesu yalipokewa kwa mdomo miaka mingi kabla ya kuandikwa. Akasema wako wanaoona hivi, na sababu zao ni hizi. Wako wanaoona vile, na sababu zao ni hizi. Hakumkaripia mtu. Nikakaa chini pale pale.

Na sasa nikueleze ujinga wangu. Mtu mwingine angevuka barabara akasema, naomba kitabu kile. Mimi niliona haya. Nilikwenda siku ya pili nikanunua bajia. Na ya tatu. Nilipata ukurasa wa hamsini, nikapata wa kumi na mbili, nikapata kipande kilicholowa chatne ya kuchovea bajia hakisomeki. Wanawake waliokaa pale karaini wakanifanya mchezo.

"Huyu binti wa dresa atageuka dengu."

"Muacheni, hao wasomi wana njaa yao."

Nikacheka nao na moyo wangu unawaka, maana kila aliyekuja mbele yangu aliondoka na kurasa zangu. Ilibaki wiki moja Pasaka ifike nilipojikaza nikakiomba, kwa sauti ambayo nusura nisiisikie mwenyewe.

"Kitabu?" Mama bajia akaweka chujio chini. "Mwanangu, ungeniambia siku ya kwanza ningekupa chote. Bora ungesema." Akanipa kilichobaki: jalada na ile orodha ya maneno inayowekwa mwishoni mwa kitabu.

Nikapita nyumba kwa nyumba kuomba karatasi chafu. Wengi walishawashia moto. Nilizopata nilizipanga kwa namba, nikazibandika daftarini kwa gundi ya muhogo, nikazifasiri kwa Kiswahili mpaka macho yakauma. Ukurasa wa mwisho niliokuwa nao uliishia hivi: sasa tuulize kwa nini nne, wala si moja. Uliofuata haukuonekana.

Jumamosi ya kuamkia Pasaka, baada ya sala ya alasiri, nilikaa mkekani nikamsomea. Bibi alikuwa haoni vizuri tena, alisikiliza ameinamisha kichwa. Kila penye mpokezi aliitikia kwa kichwa. "Huyu mtu mwadilifu," alisema. "Ajua, na asichojua asema hajui." Tukafika mwisho.

"Enhe. Kwa nini nne?"

Asubuhi ile nilikuwa nimechana karatasi safi ya daftari langu na kutunga jibu la kichwani mwangu. Nikaishika, nikaisoma kwa sauti ile ile, jina kwa jina. Nilipomaliza alinyoosha mkono, akaichukua ile karatasi, akaisogeza puani.

"Hii hainukii bajia," alisema.

Akanirudishia, akaniwekea mkono kichwani, mkono mkavu wenye harufu ya karafuu. "Nimekuridhia," akasema. "Nenda."

Nikabatizwa. Daftari lina pengo pale nilipochana, na baada ya pengo sikuandika kitu wiki mbili. Bibi alifariki kabla sijamaliza kidato cha nne, na siku zote zile tulikuna nazi, tukapepeta mchele, tukazungumza kila jambo, na hilo la karatasi sikumwambia.

Baadaye, nikiwa kazini Mombasa, nilivipata vitabu vya namna ile, vizima, vyenye kurasa zote. Najua sasa zilivyokubaliwa nne, na najua pale mnyororo wa wapokezi unapokatika na mwandishi mkweli anapokiri kwamba hajui. Nimeshayapanga yote hayo kwa Kiswahili cha bibi, polepole, fulani kapokea kwa fulani. Hata pale palipokatika ningemsomea. Mkeka haupo, nyumba imeuzwa, mama bajia na karai lake hawapo. Nami sijui hata leo nilichoridhiwa siku ile, ubatizo wangu au uongo wangu.