Pasi ya Kilima Kimoja

Wasomaji wangu, niliwadanganya. Ule mguu niliokuwa nikichechemea nao kanisani majira ya baridi yaliyopita sikuuumiza kwenye kituo cha basi cha Columbia Heights, kama nilivyoandika kwenye safu hii. Niliuumiza nikiteleza kwenye theluji, mbao ndefu miguuni, kwa hiari yangu, mtu mzima mwenye shahada mbili. Mchezo huu nimeuficha miaka mitatu. Nakiri leo kwa sababu aliyenifundisha amefariki. Moyo ulisimama akiwa usingizini. Mliopika chakula cha msiba mlimjua kama nesi mpole wa kule mji wa Fridley. Mimi nilimjua akishuka mteremko kitenge kiunoni, juu ya suruali ya baridi, akipiga vigelegele.

Hatukuwa watu wa kutembeleana. Tulikutana Jumanne, siku yake ya mapumziko, kwenye kilima kidogo nje ya mji ambacho ukipiga chafya umeshafika chini. Kila vuli tulibishana kuhusu pasi ya msimu, ile tiketi ya kuteleza majira yote ya baridi. Yeye alinunua ya kilima hicho peke yake. Mimi nilitaka ya kanda nzima, inayokuruhusu kuteleza hadi Wisconsin na Michigan. Nilimmwagia hoja za kisomi kuhusu kupanua upeo.

“Mwandishi, sema kweli. Unataka kwenda mbali ili Watanzania wasikuone.”

“Na wakiniona hapa?”

“Atakayekuja hapa, yeye pia atakuwa amewaficha wenzake! Mtapeana shikamoo mkiwa mmeinamisha vichwa. Mficha uchi hazai, dada.”

Alinipata. Sisi tuliokuja kusoma tukabaki, tumezizoea kazi za huku, magari na kodi, lakini baridi yenyewe tunaona haya kuifurahia, kana kwamba siku tutakayoifurahia ndipo tutakuwa tumehama kweli. Tunailalamikia theluji ili tuoneshe kwamba kwetu ni kwingine. Yeye alipakumbuka nyumbani kuliko wengi wetu, na bado theluji aliifurahia. Nimejifunza kwake kwamba mahali ulipoishi miaka kumi na minane una haki ya kupapenda bila kumwomba mtu radhi.

Kujifunza ni kitu kimoja, kutenda ni kingine. Baada ya mazishi niliijaza fomu ya pasi ya kanda, ikabaki sahihi tu. Nilitaka vilima ambako hakuna atakayeniuliza mwenzangu yuko wapi. Kalamu ilikuwa mkononi simu ilipolia. Alikuwa mzee wa dirisha la pasi pale kilimani. Pasi ya yule mama wa Jumanne bado iko mezani, hajaja kuichukua, alisema, na kwenye karatasi yake mtu wa kupigiwa akipatwa na jambo ni mimi. Nikamweleza kwamba amefariki. Akanipa pole, kisha akauliza kama mimi ndiye dada yake, maana ndivyo alivyoandika. Nikasema ndiyo, ni mimi, na aniandikie pasi ya hapo hapo kilimani.